Kitenzi cha Kiingereza chenye mkia: jinsi ya kung'amua maana yake ndani ya sentensi

Chukua sentensi hizi mbili: "The alarm went off" na "The lights went off". Ya kwanza inasema kengele ililia. Ya pili inasema taa zilizimika. Kitenzi ni kilekile na kijineno cha nyuma ni kilekile, ila kengele imeanza kazi na taa zimeacha. Ongeza "The milk has gone off": maziwa yameharibika. Na Mwingereza akikwambia "I've gone off coffee", hajaenda popote, hamu ya kahawa ndiyo imemwisha.

Walimu huviita phrasal verbs. Hapa nitaviita vitenzi vyenye mkia: kitenzi cha kawaida, mara nyingi kifupi kama go, put, take, come au get, kinachofuatwa na kijineno kama up, off, out au down. Mkia ukishikamana na kitenzi, maana inaweza kuhama kabisa. Kama vinakusumbua, tabu hiyo haikuanza kwako. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mashuhuri jijini London mwaka 1755, aliandika katika dibaji kwamba hapa ndipo wageni wanapopata shida kubwa zaidi katika Kiingereza.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kukariri orodha. Mimi siupendi. Orodha inakuambia put off ni kuahirisha, kesho yake unasoma "The smell put me off my food" na unabaki kujiuliza chakula kiliahirishwa hadi lini, kumbe harufu ilimkata mtu hamu ya kula. Njia inayofanya kazi ni kuanza na vilivyo kando ya kitenzi: nani anatenda, na nini kinatendwa. Mbinu hiyo si ngeni kwetu. Tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga simu, na hakuna anayeuliza pasi ilikosa nini hadi ikapigwa. Tukisikia pasi, tunajua piga hiyo ni ipi. Kazi ni hiyohiyo, ila kwa Kiingereza utaifanya kwa makusudi mpaka izoeleke.

Hatua ya 1: Hakikisha kuwa mkia ni mkia kweli

"She ran up the stairs" maana yake alipanda ngazi mbio. Hapa up inaonyesha tu alikoelekea. "She ran up a huge bill" haina mtu aliyekimbia. Kuna deni lililolimbikizwa. Kuzitenganisha, weka it mahali pa nomino. Kwa ngazi utasema "ran up it". Kwa deni utasema "ran it up". Kiwakilishi kikikubali kuingia katikati, umekutana na kitenzi chenye mkia.

Jaribio hilo halinasi vyote. "Look after him" haikatiki katikati, lakini maana yake ni kumtunza mtu, wala si kutazama nyuma yake. Kwa hiyo ongeza swali la pili: nikisoma kila neno kwa maana niliyofundishwa shule ya msingi, sentensi inaingia akilini? "He looked into the box" inaingia: alichungulia ndani ya sanduku. "The police looked into the complaint" haiingii, kwa sababu malalamiko hayachunguliwi, yanachunguzwa.

Vile vilivyo wazi, kama sit down, come in na go back, vipite tu. Usivitafutie siri.

Hatua ya 2: Utafute mkia ulikokwenda

Soma: "They called the whole wedding off." Macho yakiishia kwenye wedding, utadhani kuna watu walioiita harusi. Off iliyoachwa mwishoni ndiyo inayosema kwamba harusi imevunjwa. Kanuni ninayoiamini ni hii: ukiona kijineno kinaning'inia mwishoni bila nomino inayokifuata, rudi nyuma ukitafute kitenzi chake. Umbali huwa si mkubwa, maana Waingereza hawapendi kuchomeka maneno mengi katikati. Kinachotendwa kikiwa kirefu, hukiweka baada ya mkia. Kiwakilishi peke yake ndicho kinacholazimika kukaa katikati: "call it off", kamwe si "call off it".

Katika kauli ya kutendwa, kama "The match was called off", mkia hubaki na kitenzi na kinachotendwa huhamia mwanzo. Hilo halisumbui sana ukishaliona mara chache.

Kinachosumbua ni mikia miwili: run out of, come up with, get away with, put up with. Isome kama neno moja lisilokatika. Put up a tent ni kusimamisha hema. Put up a guest ni kumpa mgeni mahali pa kulala. Put up with a guest ni kumvumilia. Wahenga walimpa mgeni siku mbili na ya tatu wakamkabidhi jembe. With inaingia pale jembe lilipokataliwa.

Hatua ya 3: Tazama kinachotendwa, kisha anayetenda

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ukikosa muda wa hatua nyingine, hii usiiache. Tuchukue put down na tubadilishe kinachotendwa tu.

"She put down the bag": ameweka mkoba chini, hakuna fumbo. "The army put down the rebellion": jeshi limezima uasi. "He put down a deposit": ametoa arbuni. "The vet put the dog down": daktari wa mifugo amemdunga mbwa sindano ya kumuua ili asiendelee kuteseka. Hii ya mwisho huwachanganya watu vibaya, maana wanamwona daktari mpole akimshusha mbwa kutoka mezani. "She put me down in front of everyone": alinidhalilisha mbele za watu. "Put me down for two tickets": niandikie tiketi mbili.

Angalia kilichotokea. Put haikukusaidia. Down ilikusaidia kidogo, kwa kuwa karibu zote zina wazo la kushusha au kutuliza kitu, hata kwenye karatasi. Lakini waliokuambia maana ni uasi, arbuni, mbwa na tiketi. Mkoba huwekwa, uasi huzimwa, arbuni hutolewa. Kiswahili kinakuletea kitenzi chake mara tu unapolitaja jina la kitu, nawe huhitaji kukitafsiri kutoka put.

Wakati mwingine hakuna kinachotendwa, na hapo mwangalie mtenda. Gari likifanya break down, limeharibika njiani. Mazungumzo ya amani yaki-break down, yamevunjika. Mwanamke aliyepokea habari za msiba aki-break down, ameangua kilio. Ukirudisha kinachotendwa, mambo yanageuka tena: "The police broke down the door", polisi walivunja mlango, "The stomach breaks down food", tumbo linameng'enya chakula. Hapo tumepata vitenzi vitano vya Kiswahili, na hakuna hata kimoja unachoweza kukihamishia mahali pa kingine bila kuchekesha.

Ukikwama, jiulize kwa Kiswahili: kitu hiki kwa kawaida hufanywa nini? Ofa hukubaliwa au hukataliwa. Redio huongezwa sauti au hupunguzwa. Basi "turn down the offer" na "turn down the radio" zimekwisha, na hujafungua kamusi.

Hatua ya 4: Sikiliza mwelekeo wa mkia, lakini usiuamini peke yake

Mikia ina tabia, na kuzijua kunasaidia kukisia.

Up mara nyingi inasema kazi imefanywa mpaka mwisho: eat up ni kula chote, use up ni kumaliza akiba, tear up ni kuchanachana. Sisi tuna mbali yetu inayofanya kazi jirani na hiyo. Tunasema ulia mbali na potelea mbali, na hatusemi kwamba kuna mtu aliyesafiri. Up pia hubeba kuongezeka, kama speed up, na kusogea karibu, kama catch up.

Out ina sura mbili ninazokutana nazo zaidi. Moja ni kwisha: mafuta yana-run out, desturi zina-die out, tiketi zina-sell out. Nyingine ni jambo lililofichika kujitokeza mwangani: find out, work out, turn out. Off ni kuachana, iwe kuondoka kama set off au kukatisha kama call off. Na ndiyo hiyo ya bunduki iliyofyatuka na bomu lililolipuka, vitu vilivyokuwa vimeshikiliwa kisha vikaachiwa. Kengele imo humo. On hupenda kuendelea, kama carry on. Over hupenda kupitia tena, kama go over your notes.

Kisha inakuja sababu ya kutouamini mkia. Nyumba ikiteketea, Waingereza husema ime-burn down. Barua ikiteketea, ime-burn up. Fomu unaweza kui-fill in au kui-fill out, na ofisa ataipokea vilevile. Mwelekeo ni wa kukisia tu. Uamuzi unabaki kwa hatua ya tatu.

Hatua ya 5: Ziba kitenzi, jaza kwa Kiswahili

Sasa funika kitenzi na mkia wake kwa kidole, usome sentensi nzima, kisha jaza pengo kwa lugha yako. "She tried to put up with the noise, but in the end she moved out." Alijaribu pengo kelele, lakini mwishowe alihama. Kuvumilia inaingia, kuzoea inaingia. Kufurahia haiingii, kwa sababu lakini inakukataza na kuhama kunakuumbua. Maneno madogo kama but, so, because na although ni mashahidi wazuri. Wahoji kabla ya kuamua.

Sentensi moja isipotosha, soma ya kabla na ya baada. "The recruits passed out on Friday" ni mfano mzuri kwetu. Ukiisoma peke yake, makuruta wamehitimu mafunzo Ijumaa, maana pass out katika Kiingereza cha Uingereza, na hapa kwetu pia, ndiyo inayotumika kwa gwaride la kumaliza kozi kwenye vyuo vya polisi kule Kiganjo au Moshi. Lakini maana inayojulikana kila mahali ni kuzimia. Sentensi inayofuata ikisema walipewa vyeti, ni kuhitimu. Ikisema walibebwa kwa machela, hakuna cheti.

Hatua ya 6: Sasa fungua kamusi

Nimeichelewesha kwa makusudi. Ukiifungua mapema utakuta maana saba na utachukua ya kwanza. Ukija na makisio yako, unatafuta mojawapo tu.

Katika kamusi za wanafunzi, vitenzi hivi hukusanywa mwisho wa maelezo ya kitenzi kikuu, kwa hiyo put off itafute chini ya put. Utaona vifupisho sb na sth: cha kwanza ni mtu, cha pili ni kitu. Usivipite. "Put sth off" ni kuahirisha jambo. "Put sb off" ni kumkatisha mtu tamaa au hamu. Nafasi ya kifupisho pia inakuambia kama kitenzi kinakatika: "turn sth down" inakatika, "look after sb" haikatiki.

Tazama na alama za nchi. Mwingereza wa zamani aliweza kukuomba um-knock up saa kumi na mbili asubuhi, akitaka umgongee mlango aamke. Mmarekani akisikia hivyo, anaelewa kumpa mtu mimba.

Tuijaribu hospitalini

Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021, na wauguzi wengi wa Afrika Mashariki wanafanya mitihani ya Kiingereza kama IELTS na OET wakilenga kazi huko. Wengi wao wanajua vomit, faint, recover na die, maneno ya wazi ya vitabuni. Mgonjwa wa kule hasemi hivyo. Bibi wa miaka themanini anasema hivi:

"My knee's been playing up since Friday. I put it down to the gardening. Then last night it swelled up and I came out in a rash. The tablets wore off by three, and I haven't been able to keep anything down this morning."

Playing up: mtenda ni goti. Goti halichezi, na goti linalotajwa mbele ya muuguzi tangu Ijumaa kwa kawaida hufanya jambo moja. Linamsumbua.

Put it down to: usikamate put down ukaacha to. It ni tatizo la goti, na baada ya to kinakuja chanzo, yaani kazi za bustani. Alidhani bustani ndiyo iliyoleta maumivu. Hakuna kilichowekwa chini. Muuguzi makini ataona pia kwamba bibi anasimulia alichodhani mwanzoni, na hadithi inayofuata inaonyesha huenda alikosea.

Swelled up ni wazi, limevimba. Came out in a rash ina mikia miwili. Asiyesoma mpaka mwisho atamtoa bibi nje ya nyumba. Kinachofuata ni rash, vipele, nasi tunasema ametokwa na vipele. Kitenzi chetu na chao hapa ni ndugu.

Wore off: anayetenda ni vidonge, na vidonge havivai kitu. Dawa hufanya kazi kisha huisha nguvu, na off inakubaliana na hilo. By three, kwa saa zetu, ni kufikia saa tisa usiku.

Halafu ile ya mwisho, ambayo ndiyo nzito kuliko zote. Keep anything down ina mkia unaoning'inia. Anything ni chakula au kinywaji, kwa kuwa ni asubuhi na ni mgonjwa. Chakula kinachokaa chini kimekaa tumboni, kisichokaa kimerudi. Anatapika kila anachokula, na huenda hata dawa zake zinatoka. Neno vomit halikutamkwa, lakini ndilo litakaloandikwa kwenye faili.

Baadaye atakutana na mengine. "She brought up her breakfast" ni kutapika, "she brought up the subject" ni kuibua jambo, "she brought up three children" ni kulea: kifungua kinywa, jambo, watoto, na umemaliza. "He came round at noon" wodini ni kuzinduka baada ya dawa ya usingizi. Nyumbani kwa rafiki ni kuja kutembea. Pull through ni kupona baada ya hali kuwa mbaya, na get over ni kupona ugonjwa au hata kusahau mapenzi yaliyovunjika.

Mtu akiwa mbele yako, uliza

Kitabu hakijibu, lakini mtu hujibu, na palipo na dawa, pesa au safari, kukisia hakutoshi. Pass out ni kuzimia na pass away ni kufariki. Kwenye simu yenye kelele, tofauti hiyo si ya kubahatisha.

Usiulize "What does that mean?" kwa sababu mara nyingi utajibiwa kwa kitenzi kingine chenye mkia. Uliza matokeo, kwa kitenzi cha wazi: "Do you mean you vomit everything?" au "So is the meeting cancelled?" Atakubali au atasahihisha.

Na swali lako liwe la kukubali, lisiwe la kukanusha. Ukimuuliza Mwingereza "So you're not coming on Monday?" naye haji, atajibu "No". Kwetu asiyekuja angejibu "Ndiyo, siji". Hapo mnaweza kuagana kila mtu na siku yake. Sema "So the meeting is on Thursday now?" na jibu lake, yes au no, litakuwa na maana moja kwenu wote wawili.